Ubaridi Unaanza Kwenye Kibali cha Ujenzi

(Hotuba kwa madiwani, wataalamu wa halmashauri, mafundi na wanafunzi wa ufundi stadi, Mtwara)

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani wa Mtwara na wenzetu mliotoka Lindi, wataalamu wa halmashauri, ndugu mafundi, wanangu wanafunzi, na mama zangu wa soko la samaki: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mpango wa taifa wa ubaridi, yaani nchi itajipozaje huku joto linapanda na miji inatanuka, bila kuchochea joto lilelile tunalolikimbia. Mada hii kwa kawaida hujadiliwa kwenye kumbi zenye viyoyozi vilivyowekwa nyuzi 18, washiriki wamevaa makoti. Leo tuna mapangaboi manne, na matatu ndiyo yanayozunguka. Nashukuru, maana tutaelewana haraka.

Jambo langu nalisema mapema, ili hata anayetoka kwenda kununua maji awe amelisikia. Sehemu kubwa ya mpango huo itaandikwa na ninyi, kwenye meza ya afisa mipango miji na kwenye dirisha la vibali vya ujenzi. Kiwanja kikishapimwa vibaya, na nyumba ikishasimama vibaya, Dodoma haina waraka wa kuipoza.

Tazameni hesabu. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa mwendo huo idadi inarudufu katika miaka 22 hivi. Waishio mijini walikuwa chini ya asilimia 30 mwaka 2012. Mwaka 2022 wamekaribia 35. Mkoa wa Mtwara una watu zaidi ya milioni 1.6, Lindi karibu milioni 1.2. Nyumba nyingi watakazolala wajukuu wetu mwaka 2050 bado ni mchanga na kokoto. Hiyo ndiyo nafasi yetu, na nchi zilizokwisha kujijenga hazina nafasi hiyo tena.

Mtwara ina bahati ambayo haisemwi. Mji huu ulichorwa kwa ajili ya karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliamua kulima karanga Tanganyika kwa maelfu ya ekari: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Wakachora mji, wakajenga bandari ya kina kirefu, wakatandika reli kwenda Nachingwea. Waliopanga walikuwa mbali, hawakuuliza vya kutosha kuhusu mvua wala udongo, na matrekta yao yakashindwa na ardhi. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, karibu pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Bandari ilikamilika 1954, karanga hakuna. Reli ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Kilichobaki ni barabara pana na viwanja vikubwa vilivyoachana, hata mgeni wa leo akishuka basi huuliza mji wenyewe uko wapi.

Mnaiona ile ni aibu ya mji uliotawanyika. Mimi naiona ni akiba. Upepo unapita kati ya nyumba na nyumba, na kando ya barabara kuna nafasi ya mti. Sasa akiba hiyo tunaitafuna: kiwanja kimoja kinakatwa vitatu, ukuta unagusa ukuta, hifadhi ya barabara inageuka fremu za maduka. Sipingi mji kusongamana kidogo. Mji uliotapakaa mno una gharama zake, mabomba na nyaya zinakuwa ndefu. Ninachopinga ni kuukata bila kuuliza upepo unapita wapi.

Na upepo wetu haujifichi. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi tuna kusi, inayotoka kusini-mashariki, na miezi hiyo hatuna shida kubwa. Shida ni Novemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, ambayo hutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo nyumba ya Mtwara au Lindi inayotaka kulala vizuri mwezi Desemba inapaswa kufungua uso wake upande huo na kuacha tundu upande wa pili, ili hewa iingie na itoke. Mvuvi yeyote wa hapa anajua hayo kabla hajaoa. Lakini nitajieni ramani moja ya upimaji wa viwanja iliyochorwa kwa kuufuata upepo huo. Mistari yetu inafuata barabara, na barabara inafuata mpaka wa shamba la mikorosho la mtu.

Jua nalo lina tabia zake. Tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo hupita juu ya utosi wetu karibu tarehe 20 Oktoba, na tena karibu tarehe 20 Februari. Katika miezi hiyo adui mkubwa ni paa, na baada ya paa ni ukuta wa mashariki asubuhi na ukuta wa magharibi alasiri. Kwa nyumba hiyohiyo na tofali lilelile, ukiigeuza pande zake fupi zitazame mashariki na magharibi, umepunguza joto bila kuongeza shilingi. Ukiikosea, chumba cha magharibi kitabaki na moto wa ukuta hadi saa nne usiku, na mwenye nyumba atakwenda kununua kiyoyozi akidhani ameonewa na hali ya hewa.

Sasa paa. Sitawaambia mrudi kwenye makuti. Makuti ni baridi, lakini yanavuja, yanashika moto, na kila baada ya miaka michache unayabadili. Tena mama aliyekinga maji ya mvua kwenye bati hawezi kurudi nyuma kwa sababu mtaalamu mmoja amependa historia. Bati limeshinda, na lilistahili kushinda. Ugomvi wangu ni rangi. Siku hizi kila anayeezeka anataka bati la msauzi, lile la rangi: la maruni, la kijani kibichi, la bluu ya usiku. Rangi nyeusi au ya giza humeza sehemu kubwa ya jua. Nyeupe safi hurudisha sehemu kubwa angani. Hata bati la fedha lisilopakwa rangi, ingawa hung'aa, likishapata moto hutoa joto lake kwa uzembe. Nyeupe hurudisha jua na hutoa joto, vyote viwili. Nimeona shule mpya yenye bati la bluu iliyokoza, watoto darasani saa saba mchana wanapepea kwa madaftari. Bati jeupe lingeweza kukaa palepale.

Chini ya bati weka dari, na kwenye dari acha njia ya hewa moto kutokea, chini ya kenchi na kwenye pembe za paa. Dari iliyozibwa pande zote ni sufuria lenye mfuniko. Kisha dirisha: haya ya aluminiamu ya kutelezesha yamependwa kwa sababu yanafungika vizuri na kuonekana ya kisasa, lakini kwa muundo wake kioo kimoja huteleza juu ya kingine, kwa hiyo umelipia dirisha zima na unafungua nusu. Dirisha la bawaba linalofunguka lote, lenye wavu wa mbu na kivuli juu yake, lina thamani kuliko kiyoyozi cha mtumba. Na kibaraza! Tangu lini nyumba ya Pwani ikakosa kibaraza? Tumekiondoa ili tupate fremu.

Wazee wetu hawakuwa na vipimajoto, lakini tazameni vichochoro vya Mikindani, jinsi nyumba moja inavyoipa nyingine kivuli. Au nendeni Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Husuni Kubwa ya karne ya 14: kuta nene za matumbawe na chokaa, nyua zilizo wazi, birika lenye pembe nane, na jumba lote limewekwa ukingoni mwa jabali ili lile upepo wa bahari. Sisi si masultani, wala hatuna watumwa wa kutubebea mawe. Lakini kuchagua mahali pa kusimamisha nyumba hakuhitaji usultani.

Najua madiwani mnafikiri nini. Nyumba nyingi hapa hazipiti kwenye dirisha la kibali. Zinasimama kwanza, urasimishaji wa makazi unazikuta zimeshakaliwa. Ni kweli, na ndiyo maana nasema kibali peke yake hakitoshi. Wapangaji halisi wa miji yetu ni fundi mwashi, fundi wa kenchi na muuza bati. Fundi akisema "mama, dirisha hili tuliweke hapa", mama anakubali. Halmashauri ingetumia fedha kidogo kuwakutanisha mafundi wa kila kata kwa siku moja, wakiwa na ramani ya upepo na jua, ingefanya zaidi kuliko kongamano. Kisha ianze na majengo yake yenyewe: madarasa, zahanati, ofisi za kata. Hayo yana mchoro, yana kibali, na yana fedha ya umma.

Kuna mheshimiwa mmoja, sitamtaja, aliniambia: "Mama, sisi ndio wenye gesi. Mnazi Bay iko kwetu, Songosongo iko Kilwa, bomba la kilometa 532 limetoka Madimba hadi Dar es Salaam, na sasa kuna bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kwa nini sisi tujibane na feni?" Swali la haki kabisa, hasa kwa watu wa Kusini waliosubiri miaka mingi umeme wa uhakika. Sikusudii mtu ajibane. Bibi mgonjwa wa moyo anahitaji kiyoyozi; chumba cha upasuaji kinahitaji; mtoto njiti anahitaji joto lake lipimwe. Lakini fuateni mahesabu ya chumba kimoja.

Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile watu wanachokiita cha farasi moja na nusu, huondoa chumbani joto la kilowati 3.5 hivi, na kwa kufanya hivyo hula umeme wa kilowati 1 na ushei. Lile joto na ule umeme vyote viwili hutupwa nje, ukutani kwa jirani. Kumbe unapopoza chumba chako unachemsha kichochoro. Pangaboi hula wati 60 hadi 75. Mapangaboi 15 na zaidi kwa kiyoyozi kimoja. Kwa saa nane za usiku, kiyoyozi kisichopumzika kinaweza kumaliza uniti nane au tisa za LUKU, pangaboi halifikishi hata moja. Ni kweli pangaboi halipunguzi nyuzi za chumba. Linakausha jasho tu, na joto likizidi sana halitoshi. Ndiyo maana napenda viende pamoja: kiyoyozi nyuzi 26, pangaboi likizunguka polepole, ndani ya nyumba iliyokwisha kupozwa nusu na paa lake. Hapo mashine ndogo inatosha. Na bwawa likiwa kubwa namna gani, umeme bado unapita kwenye transfoma ya mtaa wenu. Kila nyumba ikiwasha saa mbili usiku, ile transfoma haijui habari za bwawa la Rufiji.

Wenzetu wameliona hili. India ilitoa mpango wake wa taifa wa kupoza mwezi Machi 2019, ikilenga kupunguza mahitaji ya ubaridi kwa asilimia 20 hadi 25 ifikapo 2037–38, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka kwenye majengo. Rwanda nayo ilitoa mkakati wake mwaka huohuo. Freetown, Sierra Leone, mji wa bahari na mabati kama yetu, mwaka 2021 uliteua ofisa wa joto, wa kwanza Afrika, na mojawapo ya kazi zilizofuata ilikuwa kuwawekea kina mama wa sokoni vivuli. Hilo la vivuli ndilo lililonikaa moyoni. Halikuhitaji mhandisi kutoka ng'ambo.

Ila tusinakili. Mtungi wa udongo unaopozwa na maji yanayovujia nje yake na kukauka hufanya kazi nzuri Dodoma na Singida, ambako hewa ni kavu. Hapa Mtwara mwezi Januari hewa imeshashiba maji, jasho lenyewe halikauki, mtungi utafanya nini? Hata ndani ya mkoa: Newala, juu ya uwanda wa Makonde, usiku watu wanatafuta shuka, Masasi chini wanalala nje. Mpango wa taifa usiojua tofauti ya Newala na Masasi ni karanga nyingine.

Wanangu wa ufundi wa friji, hapa ndipo penu. Gesi iliyo ndani ya mashine ni hatari yake peke yake. Kilo moja ya R-410A, gesi ya viyoyozi vingi, ikivuja, inachemsha dunia sawa na karibu tani mbili za kaboni dayoksaidi. R-22 ya mashine za zamani inakaribia hapo, tena inatoboa tabaka la ozoni. R-32 ni chini ya theluthi ya R-410A, na propani, ile R-290, ni kidogo kiasi cha kutohesabika, lakini inashika moto. Kwa hiyo fundi wa propani asiyefundishwa ni hatari, na fundi aliyefundishwa ni mali. Mkataba wa Kigali, uliopitishwa Oktoba 2016 kama marekebisho ya Itifaki ya Montreal, unazipa nchi za kundi letu, zinazoendelea, ratiba: kusimamisha ongezeko la gesi za jamii ya HFC, kama R-410A na R-32, mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, 30 ifikapo 2035, na kuendelea hadi 80 ifikapo 2045. Nchi zote zikitimiza, dunia inaweza kuepuka hadi nusu nyuzi ya joto mwishoni mwa karne.

Sasa tuseme ukweli wa mtaani. Mteja analalamika kiyoyozi hakipozi. Fundi anakuja, anafungua koki, gesi iliyobaki inaenda hewani kwa mlio, anajaza mpya, anachukua elfu zake, baada ya miezi mitatu anaitwa tena kwa sababu pale palipovuja hapakuzibwa. Fundi huyo simlaumu sana. Mashine ya kunyonya gesi ni ghali, na hata akiinyonya hana pa kuipeleka. Basi vyuo na halmashauri zinunue mashine chache za kuazimana, na pawe na mahali pamoja mkoani pa kupokea mitungi ya gesi chafu. Na halmashauri ikinunua viyoyozi vyake, iandike kwenye zabuni: inverta, gesi ya athari ndogo, na fundi mwenye cheti. Zisipoandikwa, tutaletewa yale yaliyokataliwa kwingine.

Nimeliacha mwisho lile ninalolithamini kuliko yote, na ambalo wapangaji wengi hulisahau kwa sababu wanapowaza ubaridi wanawaza ofisi. Ubaridi wa kwanza wa Kusini ni barafu ya samaki na friji ya zahanati.

Samaki wa maji yetu akikaa juani hamalizi siku. Akizikwa kwenye barafu vizuri, anafika wiki mbili na zaidi kwa aina nyingi. Kwa nchi za joto kipimo cha kawaida ni barafu kilo kwa samaki kilo. Mvuvi asiye na barafu anafika pwani tayari ameshindwa: mnunuzi ana gari na deli kubwa, yeye ana tenga na jua. Bei ya saa moja asubuhi na bei ya saa tano si bei ya samaki mmoja. Wanaobaki na mzigo wanakaanga, wanaanika ng'onda, na mimi ng'onda naipenda, lakini aifanye mtu kwa kutaka, asilazimishwe na jua. Pweza wanaotoka huku kwenda viwandani ndiyo kabisa. Hakuna barafu, hakuna soko. Ikiwa mpango wa taifa utakuja na fedha, iombeni kwanza mitambo ya barafu mwaloni, ya umeme wa jua na wa gridi pamoja, inayoendeshwa na ushirika wa wavuvi wenyewe, na bei ya barafu ibandikwe ukutani.

Kuna na mabibo, matunda ya mkorosho. Tunavuna korosho, mabibo tunayaacha chini ya miti yaoze, mengine yanaishia kwenye pombe, kwa sababu bibo likianguka lina siku moja tu. Chumba cha baridi kijijini msimu wa Oktoba kingegeuza hilo kuwa juisi. Sisemi ni rahisi. Msimu ni mfupi na mtambo unaokaa bure miezi minane unakula hasara. Kingehifadhi pia nyanya, maembe, samaki wa bwawani. Wachumi wa halmashauri wapige hesabu hiyo, mimi ni mtu wa ramani.

Zahanati: chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hilo wengi mnalijua. Lisilojulikana ni kwamba oksitosini, sindano anayochomwa mama aliyejifungua ili asitokwe na damu nyingi, nayo inataka baridi hiyohiyo. Ikikaa kabatini kwenye joto la Liwale au Nanyumbu inapoteza nguvu, kwa macho inaonekana ileile, na muuguzi anachoma akiamini. Mtu asiyejua atasema ni kazi ya Mungu. Kwa hiyo friji ya jua ya zahanati, na bati jeupe juu ya duka la dawa, ni sera ya uzazi. Tafadhali mwandike hivyo kwenye bajeti, fungu likatafutwe na wanaojua.

Waheshimiwa, baraza lenu la robo hii lina ajenda ya upimaji wa viwanja vipya. Ombeni ramani iletwe ikiwa na mshale wa kaskazi juu yake, na mstari wa miti kando ya kila barabara, mwarobaini au mkungu, kabla ya mtu kuuziwa. Mkiletewa isiyo na mshale, irudisheni.

Naona mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili. Na kuna mama wa soko la samaki amenyoosha mkono tangu nilipotaja bei ya barafu. Mpeni kipaza sauti.